Tamko la Wanachama kuhusu Mikoko ya Mwambao na Utafiti Unaokosekana

Sisi wanachama wa chama cha watafiti wa mazingira ya pwani, walimu, mabwana na mabibi misitu, wavuvi na wakulima wa delta, kutoka mwambao wa Tanzania na Kenya, tunatoa tamko hili kwa Serikali za nchi zetu, kwa mashirika yanayofadhili upandaji wa mikoko, kwa vyuo vikuu na taasisi za utafiti, na kwa wakazi wa vijiji vinavyotazamana na bahari. Tunalitoa kwa Kiswahili kwa sababu wanaoguswa kwanza na jambo hili ni watu wa Kiswahili, na ripoti nyingi zilizoandikwa kuhusu ufuko wao hawajawahi kuzisoma.

Mwezi Machi 2022, jijini Nairobi, Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio lililotoa maana rasmi ya masuluhisho ya asili: hatua za kulinda, kurejesha na kutumia kwa busara misitu, ardhi oevu, mito na bahari, ili shida za watu na shida za mazingira zitatuliwe pamoja. Tangu hapo maneno hayo yameingia katika mipango ya Serikali, maandiko ya miradi na hotuba za viongozi. Tunayaunga mkono kwa moyo wote. Wengi wetu tumekulia ndani ya masuluhisho hayo kabla hayajapewa jina. Wasukuma walikuwa wakitenga ngitili, malisho ya akiba ya kiangazi, vizazi vingi kabla ya mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) kuanza mwaka 1986. Mradi ulipoamua kuanzia kwenye ngitili badala ya kuleta jambo geni, eneo la ngitili lililokuwa likikadiriwa kuwa hekta 600 hivi liliongezeka katika miaka isiyofika ishirini likapita hekta 300,000. Wafugaji walijua tayari wapi pa kufunga na lini pa kufungua.

Leo hata hivyo tunazungumzia mikoko, na neno letu ni moja. Tunapanda bila kurudi kutazama. Kila mwaka tunasoma idadi ya miche iliyopandwa, na ni mara chache sana tunasoma idadi ya miti iliyosimama miaka mitano baadaye, ilisimama wapi, kwa nini, na nani alipata au alikosa nini kwa kusimama kwake. Maadamu maswali hayo hayajibiwi, fedha za umma na jasho la wanavijiji vitaendelea kwenda na maji.

Tueleze kwanza kwa nini mikoko inatushika hivi. Delta ya Rufiji ina hekta zipatazo 53,000 za mikoko, msitu wa mikoko mkubwa kuliko wowote Afrika Mashariki. Kenya ina zaidi ya hekta 61,000, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti kutoka Rufiji na Lamu kwenda Oman na Ghuba, na upana wa vyumba vya nyumba za kale za mawe, huko na huku kwetu, ulifuata urefu wa boriti. Wakata miti wa Lamu wana jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa. Mkomafi ulitoa mataruma ya vyombo, magome ya mkandaa yakatumika kutengeneza ngozi. Chini ya mizizi hukulia kamba, kaa na samaki wanaolisha mwambao wote. Na katika miaka ya karibuni wanasayansi wamepima wakaona kwamba hekta moja ya mikoko huhifadhi kaboni mara tatu hadi tano ya hekta ya msitu wa kitropiki wa nchi kavu, sehemu kubwa ikiwa imezikwa katika tope. Kipimo hicho ndicho kilichowaleta wafadhili na wafanyabiashara wa kaboni mpaka kwenye hori zetu, na ndicho kilichoharakisha upandaji.

Wenzetu watatu walirudi kwenye ufuko mmoja, mwaka mmoja baada ya sherehe ya kupanda. Ufuko hatuutaji, wala aliyefadhili, kwa sababu yaliyotokea pale yametokea kwingi. Walifika maji yamekupwa. Walikuta vijiti vya mianzi vimesimama katika mistari iliyonyooka, bango la mabati limeanza kuota kutu, na hapa na pale mbegu ndefu ya mkoko imekauka ikasimama wima kama msumari mweusi. Miche michache iliyokuwa bado na jani moja au mawili ilikuwa imeviringwa na mwani, mashina yameinamia upande wa nchi kavu. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akiokota kombe hatua chache kutoka pale. Walimwamkia, wakamuuliza anaonaje. Akasema, "Wanangu, hapa kusi likivuma wimbi linapiga usiku na mchana. Sisi hata ngalawa hatufungi hapa. Walipokuja na magari nilidhani wanajua." Walipomuuliza kama kuna mtu aliyekuja kumtaka shauri kabla ya kupanda, alicheka kidogo akaendelea kuokota kombe zake.

Kila aliyekulia kando ya hori anajua kwamba mikoko haikai ovyo. Mlilana hutangulia mbele kabisa, unapokea wimbi na kuvumilia kufunikwa na maji kwa muda mrefu. Mkoko wenye mizizi ya kunyanyuka hufuata nyuma yake, kwenye tope laini. Msinzi na mkandaa hukaa juu zaidi. Mchu utauona mbele, na utauona tena nyuma kabisa, kwenye chumvi kali ambako maji hufika wakati wa bamvua tu. Kila mti umechagua kiasi chake cha maji na chumvi. Lakini miradi mingi hupanda mkoko peke yake, kwa sababu mbegu yake ni ndefu, huokotwa kwa urahisi na huchomekwa topeni na mtoto wa shule kwa mkono mmoja. Na hupandwa palipo wazi, kwa kuwa palipo wazi hapana mgogoro na mtu. Pale palipo wazi mara nyingi pana sababu ya kuwa wazi: wimbi ni kali, au maji hukaa muda mrefu mno, au pamekuwa shamba la majani ya bahari na uwanja wa akina mama wa kuokota chaza, kombe na pweza tangu enzi za bibi zao.

Sri Lanka ilipata somo hili kwa gharama kubwa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004 mikoko ilipandwa kwa wingi katika pwani yake. Watafiti walipozunguka baadaye katika maeneo 23 yaliyopandwa, 9 kati yake hayakuwa na mche hata mmoja uliosalia. Hesabu hiyo iliwezekana kwa sababu kuna watu waliokubali kwenda kuhesabu hasara na kuichapisha. Kwetu hesabu ya namna hiyo, ya mwambao mzima, ndiyo tunayoililia. Tunataka ipatikane kutoka Kiunga hadi Msimbati, Unguja na Pemba zikiwemo, na ijumuishe miradi iliyoshindwa kwa uwazi uleule unaotolewa kwa iliyofanikiwa. Mradi ulioshindwa na ukaelezwa vizuri utamfaa bwana misitu wa wilaya kuliko picha za sherehe.

Tunakuja kwenye mito. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kutoka mashambani hadi hori ya Mwache, Mombasa, ukafunika mizizi ya kupumulia, na mikoko ikafa ikiwa imesimama. Waliopita pale miaka iliyofuata waliona vigogo vyeupe kwenye tope lililokauka. Mikoko ya Mwache haikukatwa na mtu. Chanzo cha kifo chake kilikuwa milimani, kwa watu ambao pengine hawajawahi kuiona bahari. Huko mashapo yalizidi. Rufiji inatukabili na swali la kinyume chake: yakipungua? Ujazaji wa Bwawa la Julius Nyerere ulianza Desemba 2022, na bwawa la ukubwa ule hushika mchanga na tope ambalo mto ulizoea kuliteremsha. Delta ni udongo wa mto. Hujengwa kila masika na kuliwa na bahari kila siku. Umeme wa megawati 2,115 ni neema kwa taifa, na hatusemi vinginevyo. Tunachosema ni kwamba kipindi hiki cha mwanzo, kabla delta haijabadilika sana, ndicho kipindi cha kupima. Mashapo kiasi gani yanapita sasa, chumvi inapanda mtoni hadi wapi wakati wa kiangazi, ukingo wa delta unasogea kwa mita ngapi kwa mwaka. Vipimo hivyo visipochukuliwa sasa, watoto wetu watakaoulizwa nini kiliibadilisha delta hawatakuwa na cha kulinganisha nacho.

Wakazi wa Rufiji na Kibiti hawahitaji kuambiwa kwamba jambo hili ni la haraka. Aprili 2024 mafuriko yalifunika nyumba na mashamba yao. Mwezi uliofuata kimbunga Hidaya kikapiga Mafia na pwani inayoikabili. Mambo mawili hayo, maji ya mto kutoka nyuma na bahari kutoka mbele, yaliwakuta watu walewale ndani ya wiki chache. Swali la kiasi gani cha mikoko kinapunguza kiasi gani cha wimbi ni swali la mahali pa kujenga zahanati.

Hapo nako tuna tarakimu, lakini nyingi ni za kuazima. Vipimo vilivyofanyika katika nchi nyingine vinaonyesha kwamba mita 100 za mikoko zinaweza kupunguza kimo cha mawimbi kwa asilimia 13, na zinaweza kukipunguza kwa asilimia 66. Tofauti hiyo hutokana na aina ya miti, unene wa mizizi, kina cha maji na ukubwa wa wimbi lenyewe. Mwenyekiti wa kijiji anayetaka kujua kama msitu ulio mbele ya kijiji chake unatosha hawezi kutumia jibu linaloanzia 13 na kuishia 66. Anahitaji vipimo vilivyochukuliwa kwenye mililana na mikoko ya hapa, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi. Dar es Salaam na Pangani zimejengewa kuta za kuzuia bahari, na yapo maeneo ambako bila ukuta barabara ingekwenda na maji. Tungependa kuona ukuta na msitu vinawekwa kwenye mizani moja: gharama ya kujenga, gharama ya kutunza miaka thelathini, kinacholindwa, kinachopotea, na hali ya ufuko wa jirani ambao bahari huuhamia ikishazuiwa hapa. Zipo sehemu ambako mchanganyiko wa vyote viwili ndio utakaofaa, na hatutazijua kwa kubishana.

Kuhusu watu tunataka kukaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo utafiti umekuwa mwembamba kuliko kote.

Mikoko yote ya Tanzania Bara ni hifadhi ya Serikali. Wakati huohuo, kaskazini mwa delta ya Rufiji, familia zimelima mpunga ndani ya eneo hilo kwa miaka mingi. Mkulima hukata mikoko, hupanda mpunga maji matamu ya mto yanapofika, huhamia kwenye dungu kulinda shamba dhidi ya ndege na nguruwe, na baada ya miaka kadhaa magugu na kaa humshinda, akasogea mbele na kukata tena. Kwa bwana misitu, huyo ni mvamizi. Yeye mwenyewe anajiona mwana wa delta ambaye mafuriko yamebadilika na mlau, kilimo cha kufuata maji yanapokupwa baada ya mafuriko, hakimtoshi tena. Wamefukuzwa, wamerudi, wamepewa masharti ya kupanda mikoko kwenye mashamba yao, wakapanda, na hadi leo mgogoro haujaisha. Sisi humu chamani tuna mabwana misitu na tuna wakulima hao, na tumewasikia wote wawili kikao baada ya kikao. Tunachokubaliana wote ni kwamba hakuna aliyefanya utafiti wa muda mrefu wa kuonyesha familia hizo zitakula nini iwapo mpunga wa mikokoni utakoma. Mpango wowote wa kurejesha msitu usioanza na swali la chakula cha familia hizo umejengwa kwenye mchanga.

Gazi, katika Kaunti ya Kwale, inatupa mfano tunaoupenda, na tunaomba usomwe vizuri. Mwaka 2013 wanakijiji wa Gazi na Makongeni walianzisha Mikoko Pamoja, wakilinda hekta 117 na kuuza takribani tani 3,000 za hewa ukaa kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na vifaa vya shule, na mwaka 2017 mradi ulipata Tuzo ya Ikweta. Vanga, Jimbo na Kiwegu wakafuata na mradi wao wa hekta zaidi ya 400. Wageni wengi hufika Gazi wakauliza bei ya tani. Wachache huuliza kilichotangulia. Kabla ya tani ya kwanza kuuzwa, Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya ilikuwa imekaa Gazi zaidi ya miaka ishirini, ikijaribu aina za miti, ikipoteza miche, ikipima tope, na watoto wa kijiji wakikua wakiwaona watafiti kama majirani. Wanakijiji walipanda pia mivinje, ili anayehitaji mti wa kujengea asilazimike kuingia mikokoni. Ukichukua biashara ya kaboni ukaiacha miaka hiyo ishirini na mivinje hiyo, umebeba ganda.

Sasa biashara ya kaboni imepewa sheria. Tanzania ilitunga kanuni zake mwaka 2022, na Kenya ikarekebisha Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi mwaka 2023, ikataka miradi ya ardhini iipe jamii angalau asilimia 40 ya mapato. Tunazipongeza. Lakini jamii ni neno pana. Ndani yake yumo mwenye duka aliye kwenye kamati, na yumo mama anayechoma chumvi au kutafuta kaa ambaye siku ya mkutano alikuwa horini. Tunataka utafiti unaofuata shilingi kutoka akaunti ya mradi hadi mlangoni kwa kila aina ya kaya, na unaofuata pia shoka: msitu ukifungwa hapa, aliyekuwa akikata anakata wapi sasa? Jibu likiwa kwamba anakata hori ya pili, basi hekta tunazozihesabu kwa furaha zimehama tu.

Kwa hiyo tunazitaka Serikali zetu na wafadhili waache kulipia upandaji usioambatana na ufuatiliaji. Kila mkataba wa kupanda uwe na fedha zilizotengwa za kurudi mwaka wa kwanza, wa tatu, wa tano na wa kumi, pamoja na eneo la kulinganishia lililoachwa bila kupandwa, kwa kuwa mara nyingi mikoko huota yenyewe ikifunguliwa tu njia ya maji iliyozibwa na barabara au tuta la chumvi. Kupima maji kutangulie kununua miche. Mwezi mmoja wa kutazama bamvua na maji mafu kwenye kiwanja, kwa kijiti kilichotiwa alama, unaweza kuokoa msimu mzima wa kazi, na hauhitaji mashine.

Vyuo vikuu na taasisi zetu tunaziomba zikubali kipimo kimoja. Leo mmoja anahesabu miche iliyo hai, mwingine anapima kimo, wa tatu anatazama picha za setilaiti, na majedwali yao hayawezi kukaa kwenye karatasi moja. Taasisi za Buyu kule Unguja, Mombasa, Morogoro na Dar es Salaam zina wataalamu wa kutosha kukaa meza moja wakalimaliza hilo kabla ya masika ijayo. Takwimu zinazokusanywa kwenye fukwe zetu zihifadhiwe pia hapa, zipatikane kwa mwanafunzi wa Lindi bila kuandika barua ng'ambo. Tungependa pia tasnifu zihesabiwe kuwa kazi nzuri hata pale zinapoeleza jaribio lililoshindikana, kwa sababu kijana anayejua kwamba kushindwa kutamnyima shahada atachagua kiwanja rahisi.

Na maarifa ya wenyeji yachukuliwe kama maarifa. Nahodha anayejua hori ilivyohama tangu utotoni mwake, mkata boriti anayeweza kutaja umri wa mti kwa kuugusa, yule mama wa kombe: hao wanajua yale ambayo setilaiti imeanza kuyaona juzi. Wanapotoa siku yao kwa mtafiti walipwe kama anavyolipwa msaidizi yeyote, majina yao yaandikwe kwenye kazi wakiridhia, na wawepo wakati maswali ya utafiti yanapotungwa. Kuwaita siku ya kujaza dodoso, kazi ikiwa imeshapangwa, kumechosha vijiji vingi hata vingine vimeanza kufunga milango, na hatuwalaumu.

Chama chetu nacho kinajifunga. Tumegawana fukwe zilizopandwa ambazo wanachama wetu walishiriki, ikiwa ni pamoja na zile ambazo tunajua hazikwenda vizuri na mikono yetu imo. Kuanzia kiangazi kijacho tutazirudia moja moja, wakati wa bamvua, tukiwa na wenyeji wa kila hori. Tutahesabu kilichosimama, tutaandika aina ya mti, mahali ulipo na kimo cha maji, na tutauliza nani anatumia eneo hilo na nani ameacha kulitumia. Ufuko ambao kusi limeufagia tutausajili hivyohivyo. Matokeo yatasomwa kwa Kiswahili kwenye baraza la kila kijiji kabla hayajapelekwa popote, na nakala itabaki ofisi ya kijiji. Kwa yule mama wa kombe tumeshatuma salamu kwamba tunarudi, na safari hii tutaanza kwake.